Cheni Haikubali Witiri

Jana jioni, Kangemi, chini ya taa ya kioski,
niliivuta cheni kwa kidole nyuma ya gia kubwa
ikanifuata bila ubishi.
Nusu ya jino ikachungulia.

Mwezi mzima nimekuwa nikirudisha gurudumu nyuma,
nati robo, nati nusu,
hadi alama za kwenye chuma zikaisha;
kama mtu anayetoboa mshipi tundu jipya
kisha anamlaumu fundi wa suruali.

Nikaifungua. Nikaiosha kwa mafuta ya taa ndani ya karai,
nikainyoosha sakafuni,
na Kavere, wa darasa la tatu, akapiga magoti na chaki.
Moja. Mbili. Kila pini akiigusa
kama kichwa cha kifaranga.
Kwenye sabini na tatu jirani akabisha, anaomba chumvi,
hesabu ikamwagika.
Akaanza upya.

"Mia moja na kumi na tano, baba."
Haiwezekani.
"Nimehesabu!"
Haiwezekani, mama. Cheni haikubali witiri.
Pingili nyembamba huingia ndani ya pana,
pana ikaishika nyembamba nyingine,
mpaka mwisho urudi kuutafuta mwanzo.
Pana kwa pana hazioani.
Akainama na tochi ya simu:
moja ilijificha chini ya mguu wa kiti.
Mia moja na kumi na sita.

Asubuhi nikaipeleka namba hiyo Barabara ya Kirinyaga
kama mtu aliyebeba barua ya daktari.
Mumbua, nyuma ya wavu wake, hakuipokea.
"Hiyo ni ya cheni iliyokufa.
Gia ya nyuma ina meno mangapi?"

Sikujua.
Nikampigia Kageha. Chaki imekwisha;
akalipaka unga jino la kwanza
akazunguka nalo, namsikia akinong'ona,
mpaka kidole kikarudi kwenye weupe.
"Arobaini na tano."
Mumbua akacheka puani.
"Kiwandani hutoka na arobaini na mbili.
Nani aliibadilisha?"

Agesa, ndugu yangu. Kabla hajaenda Doha
alitaka nguvu ya milima, akaweka gia kubwa,
akaiacha cheni fupi ile ile,
akalisukuma gurudumu mbele likabanana.
Miaka miwili nimelipanda jibu
la swali la mtu mwingine.

"Basi mia moja na kumi na nane," akasema.
"Nne-mbili-nane. Nne ni hatua, pini hadi pini;
zinazobaki ni upana. Ukikosea hatua, meno yatakula hewa."
Akaweka tatu juu ya kaunta:
yenye pete za mpira, sikuuliza bei mara mbili;
yenye bamba nene;
na moja ya boksi lenye picha ya simba, mia sita tu.
Simba huyo namjua. Alinikatikia Waiyaki Way
nikiwa na trei nane za mayai.

Nikachukua bamba nene, na gia zote mbili,
maana meno ya zamani yamepinda kama kucha za paka
na yangeikwaruza ngeni mpaka ifanane nayo.
Chakula cha mchana kikabaki kwa Mumbua.
Nikatembea mpaka nyumbani, chuma begani.

Ilikuja na mia moja na ishirini. Nikakata mbili.
Pingili ya kufuli: kibanio chake,
upande uliofumba utangulie mwendo,
la sivyo jiwe dogo litakifungua njiani.
Kageha akakalia kiti, kwa kuwa pikipiki tupu hudanganya,
nami nikapima mchezo wa cheni chini:
vidole viwili. Nikaongeza unywele.

Zile mbili zilizokatwa, nyembamba na pana,
Kavere amezitia mfukoni mwa sare.

Leo mteja wa kwanza alikuwa na gunia la viazi.
Tukapanda mlima.
Nikatega sikio njia nzima,
sikusikia kitu.